Kulinda Ndege kwa Bibi Mdachi

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno mazuri. Kila kosa alilofanya alikuwa na neno la kulifunika. Msimu wa mwisho niliokaa naye kule mlimani alipanda dunguni alfajiri kulinda mtama wetu, akalala. Dungu ni lile jukwaa la miti tunalojenga katikati ya shamba, mlinzi akae juu na kuwaona ndege kabla hawajatua. Yeye alikaa juu akapata upepo mwanana. Nilipofika na uji wake niliwakuta tongo, wale ndege wadogo walao nafaka, wamejaa upande mzima wa kijito, wanakula bila hata kugombana, maana kilikuwepo cha kuwatosha wote. Nikamwamsha. Nikamuuliza kama hakuwasikia. Akasema aliwasikia, lakini ndege nao wana watoto.

Nilimwachia uji wake, nikaenda kufunga nguo zangu.

Ndoa yetu ilifungwa kanisani, na padri wa misheni hakutaka hata kulisikia neno talaka. Nilimwambia sijaachika, nimechoka tu, nakwenda kupumzika kwa mjomba. Akaniuliza nitapumzika kwa muda gani. Nikamwambia hilo Mungu ndiye ajuaye. Masista walionifundisha kusoma waliniangalia nikipita na mzigo kichwani, na nadhani mmoja alicheka.

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo mwanamke akikorofishana na mumewe haendi kulia kwa baba, anakwenda kwa mjomba. Mjomba wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyarudia. Alinipa kipande cha shamba la ukoo huku chini Kilakala, mahali palipokuwa na magugu ya kiunoni, akasema mbele ya watu wawili: "Ukivuna, kaa. Usipovuna, nitakurudisha kwa mumeo kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaongeza kwamba atakuja kuangalia mtama utakapokomaa, kisha akapanda mlima kurudi kwake.

Sikuogopa. Katika ukoo wetu wapo waliojua dawa, wapo waliojua kusuka mikeka, na mimi nilijua kulinda ndege. Kombeo nililirusha tangu sijaota meno ya ukubwani. Na ukelele wangu, ule wa "Hooo-ya! Swa, swa, swa!", ulikuwa na sifa yake peke yake. Nikiupaza Kilakala, watu wa Bigwa walisema ndege wao pia waliruka. Hilo sikulisema mimi, walilisema wao, ila sikuwakatalia.

Nililima kwa jembe la kuazima, maana langu lilibaki kwa mume wangu na sikutaka kurudi kulidai. Mtama ukaota vizuri, ukapanda, ukaanza kuchanua. Ndipo akaja mpishi wa Bibi Mdachi.

Nyumba ya Bibi ilikuwa juu kidogo ya shamba langu, kiasi cha mtu kuitwa na kuitika. Mumewe alikuwa na kazi ya reli na siku nyingi hakuwepo. Mpishi alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu nyeupe hata jikoni, na aliamini kwamba sisi watu wa bara tunasema Kiswahili kwa kukisia. Alisimama kando ya shamba asichafue viatu, akanieleza kwamba Bibi anatafuta mtu anayejua ndege, kwa kazi ya kulinda ndege. Ameuliza sokoni nani anajua ndege, na watu wote, hata Mhindi mwenye duka, wamemwelekeza kwangu. Nikaona dunia ina haki. Mtama wangu ulikuwa bado maua, hapakuwa na cha kulinda kwangu, na jembe la jirani lilikuwa linadaiwa kila Jumapili. Nikakubali.

Bibi alikuwa mwembamba, mrefu, na kofia pana kama ungo. Shingoni alivaa darubini, na mkononi alikuwa na daftari. Alinipeleka bustanini akanionyesha nguzo moja iliyosimama peke yake, urefu wake unanifika kifuani. Juu yake palikuwa na ubao wenye kingo, na kwenye ubao kibaba kimoja cha mtama na ulezi.

"Wewe kaa kichakani," akasema. "Ndege isikuone. Wewe linda ndege yangu vizuri sana."

Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika miguu, lakini nilimwelewa barabara. Sisi tukisema mtu analinda ndege tunamaanisha jambo moja tu: yuko shambani, anawafukuza. Na ule ubao niliutambua mara moja. Ulikuwa uchaga, wa kuanikia mbegu. Nilishangaa tu kuona wanaanika kibaba kimoja. Nikamhurumia, nikadhani Wadachi nao mwaka ule wana njaa na wanaona haya kusema.

Neno lake la kukaa kichakani lilinifanya nimheshimu. Mlinzi anayeonekana ndege humzoea. Huyu mama, nikasema moyoni, anaijua kazi. Mpishi naye akaniongezea kwamba nisipige kelele hata kidogo, kichwa cha Bibi kinauma. Basi nikalinda kimya kimya. Nilifunga kamba nyembamba ya mgomba kwenye nguzo, nikaipitisha nyasini hadi kichakani kwangu. Ndege akitaka kutua, naivuta kidogo, ubao unatikisika, anabadili nia. Akiwa mbishi, namrushia kijiwe kidogo kwa kidole gumba. Barazani, Bibi aliketi na darubini yake akiutazama ule ubao kutwa nzima, na mimi nilijua ananikagua. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama wiki ile.

Kila jioni alinijia na daftari. "Ndege ngapi leo?"

"Hakuna hata mmoja, Bibi."

Uso wake ukaanguka, akaandika, akaondoka polepole. Nikadhani ndivyo Wadachi wanavyofurahi. Siku ya nne akaongeza mtama ubaoni, nami nikaongeza bidii. Siku ya sita aliniuliza mara mbili, "Hata moja?" nikamwapia kwa jina la Bikira Maria kwamba hata mmoja, tangu asubuhi. Akashika kichwa. Mpishi akaniambia Bibi hali chakula siku hizi. Nikamwambia amtie moyo, mbegu zake zote zipo, hajapoteza hata punje.

Siku ya nane alikuja chiriku mmoja mbishi kuliko mume wangu. Nilivuta kamba, akaruka, akarudi. Nikarusha kijiwe, akakwepa, akarudi. Akatua ubaoni katikati, akachukua punje mbele ya macho yangu. Kule barazani nikamwona Bibi amesimama ghafla, darubini machoni, mkono mmoja kifuani. Nikasema leo ndiyo siku ya kumwonyesha kwamba hakukosea kunichagua. Nikatoa kombeo langu kiunoni, nikalizungusha mara moja tu, na chiriku akaanguka majanini.

Nilimweka juu ya jani la mgomba, nikampelekea Bibi barazani kwa mikono miwili, na goti nikapiga kidogo. Nikamwambia, "Huyu ndiye alikuwa anakuibia."

Bibi alipiga yowe moja fupi, akamtwaa kiganjani, akakaa chini sakafuni na kuanza kulia. Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Bibi akamwambia maneno mengi ya Kidachi na Kiswahili kwa pamoja, na mpishi, kadiri alivyosikiliza, ndivyo alivyonitazama kwa macho makubwa zaidi.

"Bibie," akaniambia, "Bibi anataka ndege waje wale."

"Wale nini?"

"Mtama."

"Mtama wa nani?"

"Wake mwenyewe. Ndiyo maana anauweka."

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Kuwalinda. Paka asiwakamate, watoto wasiwapige kwa manati. Kuwalinda wao, bibie, si kuulinda mtama."

Nilimwambia kwamba kama ni hivyo alipaswa kunieleza tangu shambani. Akasema alinieleza kwa Kiswahili fasaha. Nikamwambia Kiswahili fasaha kimemtoa Bibi machozi, afadhali angenieleza kwa kile kibovu. Tungeendelea hadi magharibi, lakini chiriku alikuwa amezimia tu. Alifumbua jicho kiganjani mwa Bibi, akamng'ata kidole hadi kikatoka damu, akaruka akaenda zake. Bibi alikitazama kidole, akanitazama mimi. Akaniuliza polepole kama wiki nzima ndege hawakuja kwa sababu yangu. Nikamwambia ndiyo, peke yangu, na nikamwonyesha kamba.

Aliifuata ile kamba kutoka nguzoni hadi kichakani, ameinama, kofia inamwanguka. Alipofika mwisho wake akaanza kucheka. Alicheka akaegemea mti. Mpishi alikuwa tayari ameshanifukuza kazi kwa niaba yake, lakini Bibi akamkatiza. Alisema mtu anayeweza kumaliza ndege wote bustanini bila kuonekana, huyo huyo anaweza kuwaleta. Nilijisikia aibu mpaka masikioni, na pia nilijisikia nimesifiwa, na sikujua nianze na lipi.

Kumwaga mtama kwa ndege kwangu ilikuwa dhambi. Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri akaniuliza ni mtama wa nani. Nikasema wa Bibi. Akasema basi si dhambi yangu, ila nirudi kwa mume wangu. Nilitoka na msamaha nusu.

Lakini kazi ni kazi, na aliyezoea kuwafukuza ndege anajua wanachokipenda. Nilimwambia Bibi asimwage punje ubaoni tu, afunge pia masuke mazima kwenye fito, maana tongo anapenda kuning'inia akila. Nikachomeka tawi la mwiba karibu, ili wapate pa kusubiri zamu bila kuogopa mwewe. Nikaweka kigae cha chungu na maji kidogo, yasiyozidi kina cha kucha, kwa sababu ndege mdogo haogi mahali asipoona chini. Chozi, yule ndege mdogo wa kung'aa anyonyaye maua, hataki mtama, nikamwambia Bibi apande maua marefu mekundu. Bibi aliliandika jina daftarini, akamtangazia mpishi kwamba yeye taka machozi mengi sana katika nyumba hii. Mpishi akamjibu kwa adabu kwamba akiendelea kukaa na mimi atayapata.

Ndipo akataka niwaite. Mimi nilikuwa sijawahi kumwita ndege maishani mwangu. Nilikuwa na ukelele mmoja tu. Nikaona liwalo na liwe. Asubuhi na mchana, kila nilipomwaga mtama, nilisimama kando ya nguzo na kupaza: "Hooo-ya! Swa, swa, swa!" Siku ya kwanza wote walitawanyika. Siku ya tatu wakawa wanaruka wakirudi. Wiki haijapita, nikifungua tu mdomo wanashuka kutoka kila mti: tongo, chiriku, minana, tetere wawili wanene waliotembea chini kama wenye nyumba. Mmoja alinitua begani. Kichwa cha Bibi kilipona siku hiyo hiyo, na daftari likajaa akaanza la pili. Nami, nitasema ukweli, nilianza kuwatambua mmoja mmoja. Palikuwa na tongo jike lililokuja na vifaranga watatu, likawa linawalisha juu ya fito, na nilikuwa namwagia mtama upande wake kidogo zaidi.

Nimesema shamba langu lilikuwa chini ya nyumba ya Bibi. Wakati haya yakiendelea mtama wangu ulitoka kwenye maua, ukaanza kushika maziwa. Hapo ndipo ndege huupenda kuliko siku nyingine yoyote. Nilijenga dungu, nikapanda mchana mmoja baada ya kazi, nikaliona kundi dogo likizunguka juu ya bonde. Nikasimama. Nikajaza kifua. Nikapaza ukelele wangu kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

Wakaja wote.

Walikuja kutoka bustanini, walikuja kutoka upande wa Bigwa, wakatua kwenye masuke yangu kuzunguka dungu na kunitazama, wakingoja nimwage. Kadiri nilivyopiga kelele, ndivyo walivyoongezeka. Nilizungusha kombeo, nikaona ninayemlenga ni yule jike wa vifaranga watatu, nikalishusha. Kikulacho ki nguoni mwako. Wangu nilikuwa nimewanenepesha mwenyewe. Nilikaa chini dunguni nikalia kwa hasira. Nilimwona mjomba akinishika mkono, tunapanda mlima, na mume wangu ameketi mlangoni na neno lake zuri limeshaandaliwa.

Nilipochoka kulia nikafikiri. Ndege hawa hawakuja kwa sababu ya mtama, mtama uko kila shamba. Walikuja kwa sababu ya sauti. Nikashuka dunguni, nikanyamaza kabisa, nikapanda hadi bustanini kwa Bibi, na huko nikapaza. Bonde zima likaruka likanifuata.

Tangu siku hiyo sikutia mguu shambani wakati wa mchana. Nilimwambia Bibi kwamba ndege wameongezeka, nguzo moja haitoshi. Akafurahi, akasimamisha tatu, akaagiza mtama kwa Mhindi kwa magunia. Alfajiri kabla jua halijachomoza nilikuwa nimesimama bustanini napaza, na nilipaza hadi ndege walipokwenda kulala. Sauti ilinikauka, mpishi akanipikia tangawizi huku akilalamika kwamba nyumba ya mtu mstaarabu imekuwa soko la samaki. Chini kule shamba langu lilikaa kimya, peke yake, bila mlinzi, na masuke yakajaa yakainama.

Mjomba alikuja kama alivyosema. Alifika shambani kwanza, na hilo nilisimuliwa na jirani mwenye jembe. Alikuta dungu tupu, kamba hakuna, kombeo hakuna, mtu hakuna. Akauzunguka mtama wote akiyapindua masuke kwa mkono, akitafuta yaliyoliwa. Akauliza nani analinda shamba hili. Jirani akasema hajaona mtu mwezi mzima. Mjomba akarudi nyuma hatua mbili, maana mtama unaojilinda wenyewe una mambo yake. Ndipo akasikia sauti yangu juu kule.

Nilimwona akitokea kwenye ua wa Bibi na fimbo yake, na nilikuwa na mtama viganja vyote viwili, na tetere mguuni, na tongo kichwani. Hapakuwa na pa kujificha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema. Akatazama nguzo ya kwanza, akatazama ya pili na ya tatu. Akatazama gunia lililofunguliwa. "Unafanya nini?"

"Nalinda ndege, mjomba."

Ilikuwa kweli, kwa namna zote mbili. Nikamweleza yote, haraka haraka, tangu ule ubao wa kwanza. Alisikiliza bila kukatiza. Nilipofika mwisho aliuliza jambo moja: mtama huu wanaokula ni wa nani. Nikasema wa Mdachi. Akarudia, "Wa Mdachi." Akainama kwenye gunia, akachota konzi nzima, akawarushia. Walipomaliza akachota nyingine. Mjomba wangu, ambaye hakuwahi kumwachia ndege punje moja tangu azaliwe, alisimama pale akirusha mtama wa Wadachi mpaka akatokwa jasho, na kila konzi alitabasamu zaidi.

Kisha akajifuta mikono. "Umevuna," akasema. "Kaa."

Nilitaka kumshukuru lakini alikuwa bado ananitazama. Tongo jike lilikuwa limetua kwenye fito na watoto wake, nami bila kufikiri nikawasogezea suke. Akaniuliza mbona hao nawapa zaidi.

"Hawa wana watoto," nikasema.

Neno likanitoka, nikalisikia likitua. Mjomba hakucheka. Aliokota fimbo yake, akasema nyani haoni kundule, akaondoka.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilimkasirikia mjomba, nikamkasirikia mume wangu kwa kuwahi kulisema, halafu nikabaki najikasirikia mimi. Nilivuna mtama wangu wote, nikaujaza ghalani. Sauti yangu sikuipata tena sawasawa, na ningeipata isingenifaa kitu shambani, kwa sababu ndege wa bonde lile wote waliijua ni ya chakula. Msimu ujao nilihitaji kuwa shambani mwenyewe, na debe la kugonga, kimya mdomoni. Bibi alihitaji mtu mwingine. Alinililia nimtafutie, lakini awe mtulivu, asiwe na kombeo, awe tayari kukaa kutwa nzima mahali pamoja huku ndege wakila mbele yake asiwaguse.

Nilimjua mtu mmoja tu wa namna hiyo. Nikamtumia salamu kwa mama mmoja aliyekuwa anapanda mlima na chumvi, kwamba kuna kazi kwa Mdachi, aje, na jembe langu alilete.

Akaja siku ya nne na jembe begani. Sikumwambia samahani, naye hakuniuliza. Nilimpeleka kwa Bibi, akaonyeshwa nguzo, akaonyeshwa kivuli, akaketi chini. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na tongo wawili wakitembea juu ya tumbo lake. Bibi alinivuta pembeni ya baraza, tukinyata tusiwashtue, akamtazama kwa darubini muda mrefu, kisha akaandika daftarini kwamba mtu huyu ndiye anayejua ndege.